Mvule wa Mama Mkwe

Siku mama mkwe wangu alipofunguliwa bandeji ya jicho la pili, kitu cha kwanza alichokitazama sawasawa nyumbani kwangu kilikuwa mlango.

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, nikugawie kidogo usipotee njiani. Mimi ni Odeta, ingawa hapa Buswelu wananiita Mama Winnie. Mume wangu Obedi ni fundi wa mitumbwi, anaunda pale ufukweni Pasiansi. Mama yake alivuka kutoka Ukerewe kuja kwetu kutibiwa mtoto wa jicho, jicho moja kwanza, halafu la pili. Huku mama yuko kwangu na macho yamefungwa, Obedi akavuka kwenda kisiwani, akauangusha mvule mkubwa uliokuwa nyuma ya nyumba ya mama yake. Kibali alikuwa nacho. Na mimi akaniambia ridhaa ya mama anayo.

Tangu mti ule uanguke hatujalala vizuri.

Malimi, mpasua mbao aliyeuangusha pamoja naye, alivimba macho kwa vumbi la mvule, akawa anakohoa mpaka anashika ukuta. Na Obedi akaanza kuitika. Yuko ndani ya mtumbwi anapiga randa, mara anainua kichwa: "Naam?" Hakuna aliyemwita. Mchana kweupe, ufukwe umejaa watu na akina mama wanaanika dagaa, na hakuna aliyemwita.

Wiki jana niliachia pale nilipomkuta amesimama ndani ya ziwa, maji magotini, patasi mkononi, anaitika akiwa ameipa mgongo nchi kavu.

Sitajifanya shujaa. Nilianza kumwogopa mume wangu. Winnie nilimpeleka akakae kwa dada yangu, nikasema ni kwa ajili ya shule. Haikuwa kwa ajili ya shule.

Sasa nisikilize.

Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya mlango, kiganja kimelala juu ya ubao.

"Mlango huu ni mpya," alisema.

"Ndiyo, Mama. Obedi aliutengeneza ulipokuwa umefungwa macho. Alitaka ukifunguliwa uuone."

"Ni mvule."

"Ni mvule, Mama."

"Wa wapi?"

Jamani, mimi nilijua nini? Nilijibu kama mtu anayejibu salamu.

"Wa nyumbani kwako, Mama. Ule uliomruhusu Obedi aukate."

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Aliushusha mkono taratibu, akakaa sakafuni pale pale, akanyoosha miguu kama mtu aliyefika msibani.

"Sijamruhusu mtu," alisema.

"Mama..."

"Aliniomba mwaka jana nikakataa. Akaniomba tena hapa kwako, nimefungwa macho, nikakataa. Wameukata wote?"

"Wote, Mama."

"Hawakubakiza hata kisiki?"

"Hata kisiki. Obedi alisema mizizi yake ndiyo inayotoa mbavu nzuri za mtumbwi, kwa kuwa imejipinda yenyewe. Waliichimba."

Alifumba yale macho ambayo madaktari walikuwa wamehangaika kuyafumbua.

"Basi wamemwacha juani," alisema.

"Wamemwacha nani, Mama?"

Simu yangu ikaita.

Alikuwa Taher. Taher ana karakana ya mbao kule Mabatini, yeye na baba yake kabla yake. Magogo yaliyobaki ya ule mvule yalikuwa kwake yanapasuliwa. Ni mtu wa utani, hakuna siku amenipigia asinitanie kwanza. Siku hiyo hakutania.

"Mama Winnie, nampigia Obedi hapokei. Njoo Mabatini."

"Kuna nini, kaka Taher?"

"Si jambo la kwenye simu. Njoo tu."

Nilipokata simu, mama mkwe alikuwa ameshasimama anajifunga kanga.

"Ni habari ya mti," alisema.

"Hakusema, Mama."

"Hana haja ya kusema. Niitie bajaji."

Kama umewahi kupita karakana ile unajua makelele yake. Msumeno ukianza kulia, hata wauza nyanya ng'ambo ya barabara wanazungumza kwa vidole. Siku hiyo tulikuta kimya. Mashine imezimwa. Vijana wa kazi wamekaa nje ya uzio, kwenye vumbi la barabara, na kivuli kipo ndani.

"Shikamoo, Mama," Taher alimwamkia mama mkwe.

"Marahaba, baba. Nionyeshe."

Gogo lilikuwa juu ya mashine, limepasuliwa nusu. Msumeno ulikuwa umeng'oka meno.

"Mimi nimezaliwa Mwanza hii hii," Taher alisema. "Baba alipasua mvule hapa nikiwa bado sijui kutembea. Milango ya maduka ya kule mjini mnayoiona, madawati ya shule, vinu, vitanda, mimbari ya kanisa, vyote vimepita hapa. Mvule una mawe tumboni, kila fundi anajua. Jiwe linaota lenyewe ndani ya mti, msumeno ukilikuta unalia. Nimeshatoa mawe, nimeshatoa misumari, nimeshatoa hata ncha ya mkuki. Leo msumeno ulipolia, nikasema ni jiwe. Halafu vijana wakanionyesha hiki."

Alifungua leso.

Ilikuwa bangili ya shaba, imeiva rangi ya kijani, imebanwa na mti mpaka imekuwa yai. Ndogo. Kwangu mimi visingepita hata kidole gumba na cha pili vikiwa pamoja. Ilikuwa bangili ya mtoto.

Mama mkwe aliichukua bila kuomba. Akaifuta kwa kanga, akaigeuza kwenye mwanga, akaisogeza karibu na yale macho mapya.

"Ya Obedi," alisema.

"Ya mume wangu?" niliuliza.

"Hapana. Ya Obedi."

Nilitaka kumuuliza, hakunipa nafasi. Alimshika Taher mkono wa shati. "Huyu fundi wenu yuko wapi saa hizi?"

"Ufukweni, Mama. Leo anaushusha mtumbwi majini. Alinialika, ni haya mambo ya mashine yamenishika."

Leo? Mimi mkewe sikuwa nimeambiwa.

"Una gari, baba?"

"Ninayo."

"Basi unasubiri nini?"

Tulijibana watatu mbele kwenye pikapu ya Taher. Mama mkwe katikati, bangili imefumbatwa. Tulipovuka mjini ndipo alipofungua mdomo, na alikuwa anaongea na kioo cha mbele, si na sisi.

"Nilizaa Obedi mwingine kabla ya huyu."

Kumbe nimeolewa kwenye ile nyumba miaka yote, nimepika kwenye lile jiko, nimemzika baba mkwe pale pale, na sijawahi kusikia neno hilo.

"Alikuwa ameanza kuchunga mbuzi. Anajua kujifunga kaptula mwenyewe. Ikaja homa, ikatushika wote wawili. Mimi nikapelekwa kulazwa, sijitambui. Yeye akabaki na baba yake. Nilipopata nafuu nikarudishwa nyumbani, nikaonyeshwa udongo mbichi chini ya mvule."

Taher alipunguza mwendo. Hapakuwa na foleni.

"Endesha, baba," mama mkwe alimwambia. "Mume wangu akaniambia, usilie, nimemzika vizuri. Nimemzika kwenye sanduku la mvule, mchwa hatamgusa, maji hayatamgusa, mpaka wewe na mimi tumfuate. Akanikabidhi bangili yake. Nikaipigilia kwenye mti kwa msumari. Kila mwaka mti ukawa unaimeza, unaimeza, mpaka siku moja sikuiona tena. Nilifurahi. Nikasema, sasa amelala."

"Halafu akazaliwa huyu," nilisema.

"Akazaliwa huyu. Wazee wakasema apewe jina la kaka yake, ndiyo desturi yetu. Sikuweza kubisha. Lakini niliogopa. Nikampa na jina nililolichagua mwenyewe, nikamwita sikioni tu, sikumwambia hata baba yake. Magesa. Halafu nikaenda chini ya mti nikamwambia yule mkubwa: mwanangu, jina lako tumempa mdogo wako, usikasirike. Ukitaka kuita, niite mimi. Yeye usimwite."

Nilikuwa nimeshika dashibodi. Nilijua lazima niseme.

"Mama," nilisema. "Obedi anaitika."

Aligeuka kunitazama. Ilikuwa mara ya kwanza aniangalie na kunipata usoni, maana tangu nilipoolewa macho yake yalikuwa yameshaanza ukungu.

"Anamwitikia nani?"

"Hakuna mtu, Mama. Anasema naam, na hakuna aliyemwita. Tangu mti uanguke."

Taher alianza kusoma dua chini chini. Yeye ni Mwislamu, Bohora, sisi ni Wakristo, lakini nakwambia mle ndani ya gari niliitikia amina.

"Nisikilizeni wote wawili," mama mkwe alisema. "Tukifika, mtu asimwite. Jina la Obedi lisitamkwe karibu na maji. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, Mama."

"Odeta?"

"Nimekuelewa, Mama."

Nilikuwa nimemwelewa. Mungu ni shahidi.

Tulipofika Pasiansi, mtumbwi ulikuwa umeshaingia majini. Watu walikuwa wamejipanga ufukweni wanapiga vigelegele, maana siku hizi mtumbwi wa mvule ni kama harusi. Wengi wanaunda kwa mbao laini, misimu michache unavuja kila mahali. Ule ulikaa juu ya maji umetulia, rangi yake kama asali. Ulikuwa mbali kidogo na ufukwe, panapoanza kina. Malimi yuko mbele ameinama, anapapasa maungio kuona kama kuna maji yanaingia. Obedi yuko nyuma na kasia.

Niseme ukweli wangu wote. Kwa dakika moja nilisahau bangili, nilisahau kaburi. Nilimwona mume wangu amesimama kwenye chombo chake mwenyewe, mtu aliyewaundia wengine mitumbwi maisha yake yote, na moyo ukanijaa.

Halafu nikamwona anageuza kichwa. Hakugeuka kwetu. Aligeukia ziwani, kule kusiko na kitu, akawa kama anayesikiliza.

"Obedi!"

Lilikuwa limeshatoka. Ni mimi. Mdomo wangu huu huu.

Mama mkwe aliniziba mdomo kwa kiganja, bangili ikanigonga meno. Lakini limeshatoka.

Obedi hakunitazama. Midomo yake ilicheza, akasema kitu. Akalilaza kasia vizuri ndani ya mtumbwi, kama fundi anayeweka vifaa jioni. Akainua mguu akaupitisha nje ya mtumbwi, na akashuka. Hakujirusha wala hakuanguka. Alishuka, kama mtu anayeteremka ngazi ya nyumba yake.

Akazama.

Kwanza watu walicheka. Walidhani ni mbwembwe za kuzindua mtumbwi. Obedi ni mtoto wa kisiwani, ameogelea kabla hajajua kusoma. Tulisubiri aibuke.

Hakuibuka.

"Oyaa!" Malimi alipiga ukelele. "Haji juu! Jamani haji juu!"

Malimi ni Msukuma wa ng'ombe, wa Kwimba, maji yakimfika kiunoni anaanza kusali. Hajui kuogelea. Lakini alijilaza kifudifudi ukingoni, mtumbwi ukalala upande, akalizamisha kasia kadiri ya urefu wa mkono wake, akawa anapapasa huku anakohoa na kulia. Vijana wa ufukweni wakaanza kujitosa.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye mchanga.

Mama mkwe aliingia majini. Kanga yote, viatu vyote, na macho ambayo daktari alikataza yasiguswe na maji hata ya kunawa. Maji yakamfika kifuani, kanga ikaelea kumzunguka.

"Magesa!" aliita. "Magesa we! Njoo kwa mama!"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyemjua Magesa.

"Magesa! Mimi ndiye ninayekuita! Magesa!"

Kasia likavutwa. Nililiona kutoka pale nilipokuwa, lilivutwa kwa nguvu mpaka Malimi akateleza nusu mwili nje ya mtumbwi. Hakuliachia. Halafu mkono ukatokea, umelishika kasia, na nyuma ya mkono kichwa cha mume wangu.

Walimlaza mchangani, wakambinya tumbo, akatapika ziwa. Watu walitaka kuzunguka, Taher akawafukuza kwa sauti ambayo sikujua kuwa anayo. Tukabaki sisi. Mimi nimekipakata kichwa cha Obedi, mama yake amekaa analowesha mchanga, Taher, na Malimi ambaye bado alikuwa amelikumbatia lile kasia.

Obedi alifumbua macho, akamwona mama yake anamtazama.

"Mama," alisema. "Unaona?"

"Naona."

"Unaniona mimi?"

"Nakuona. Umeota mvi, na hukuniambia."

Akalia, mwanamume mzima. Mama yake hakumnyamazisha, alimwacha mpaka akachoka.

"Nisamehe, Mama. Nilimdanganya mke wangu kuwa umeridhia, nikaukata mti wako. Mvule haupatikani tena. Nilitaka niwe na mtumbwi mmoja wa kwangu kabla mikono haijachoka."

"Mti umeshalala," mama mkwe alisema. "Hausimamishwi kwa kulia. Kuna mwenye mti. Huyo ndiye tumzungumzie."

Akamsimulia. Yote niliyosikia garini alimsimulia mwanawe pale mchangani, kwa maneno yale yale, na alipofika kwenye jina akamwekea bangili kwenye kiganja. Obedi aliitazama muda mrefu. Mtu unaishi umri wako wote na jina lako, halafu unaambiwa lilikuwa limeshavaliwa.

"Kwa hiyo ndiye anayeniita," alisema.

"Ndiye. Mmemwondolea paa, unategemea afanye nini? Lakini haina ubaya. Tutavuka kwenda nyumbani. Tutamzika upya, tutamwombea, tutapanda mti mwingine juu yake. Nitakaa naye mimi. Hatakuita tena."

Nilihisi mzigo ukinitoka. Nikasema moyoni, kumbe ndiyo imekwisha. Nikaanza hata kufikiria chakula cha safari na nani ataniangalizia kuku.

"Niambieni kitu kimoja," mama mkwe alisema. "Mlipochimba mizizi, lile sanduku mliliweka wapi?"

Obedi alimtazama Malimi. Malimi alimtazama Obedi.

"Sanduku gani, Mama?" Obedi aliuliza.

"La kaka yako."

"Mama, hatukukuta sanduku."

"Mlikuwa hamjui mnachotafuta. Hata vipande vya mbao. Mmevitupa wapi?"

Malimi alilaza kasia chini, akavua kofia iliyokuwa imelowa.

"Mama, shikamoo tena," alisema. "Mwenye jembe nilikuwa mimi, usimlaumu mwanao. Tulitaka mizizi mizima mizima, ikikatika haifai kwa mbavu. Kwa hiyo tulilizunguka shina lote. Nilikuwa naingia shimoni mzima mzima, sionekani. Niliona mizizi na mawe. Sanduku hapana. Ubao hapana. Hata msumari, Mama, hapana."

"Labda lilishaoza," nilisema.

Wote watatu walinigeukia, Obedi, Malimi na Taher, na aliyejibu alikuwa Taher, tena kwa upole.

"Mvule hauozi hivyo, Mama Winnie. Nimeona nguzo za mvule zilizochimbiwa enzi za babu zetu, ukizifukua unazipasua mbao. Mchwa anapita pembeni."

"Hauozi," Malimi alisema. "Kama lilikuwapo ningeligonga."

"Labda ni upande mwingine wa mti," Taher alisema. "Mama alikuwa mgonjwa wakati ule, labda..."

"Upande upi?" mama mkwe alimkata. "Nimefagia pale tangu nikiwa msichana mpaka macho yalipokataa. Nimepanda maua pale. Nimekaa pale kila Krismasi nikamwambia nani amezaliwa na nani ametangulia. Upande upi, baba?"

Alitazama mikono yake, akaigeuza.

"Kwa hiyo nilikuwa nafagia nini?" aliuliza.

Ziwa lilikuwa linapiga ubavu wa ule mtumbwi, pole pole.

"Wewe ulimwona, Mama?" Obedi aliuliza. "Ulimwona amekufa?"

"Nimekwambia nilikuwa nimelazwa. Niliuona udongo. Niliambiwa na baba yako."

Na baba yake tulimzika tukiwa wote, hayupo wa kuulizwa. Niliuona ule uso wa mama mkwe ukipita mahali ambapo sina jina lake. Ulitoka kwenye huzuni, lakini haukwenda kwenye furaha.

"Magesa," alisema. "Hiyo sauti unayoisikia. Inaita kama mtoto?"

Obedi aligeuza uso kuelekea ziwani.

"Nijibu. Ni sauti ya mtoto anayechunga mbuzi?"

"Hapana, Mama."

"Ya nani?"

"Ya mwanamume mzima. Tena mtu aliyechoka. Mwanzoni nilidhani ni mwangwi wangu mwenyewe unanirudia kutoka majini, maana inafanana na yangu."

Malimi alirudi nyuma hatua nzima. Taher aliweka mkono kifuani.

Mimi nilikuwa na swali moja, na nililiuliza kwa sababu nilidhani ndilo jepesi kuliko yote. Mtu akizikwa kwenye sanduku, kuna fundi aliyelitengeneza. Fundi anakumbuka kazi yake. Kama yu hai, tutamfuata, atatuambia alilitia nini ndani.

"Mama," nilisema. "Hilo sanduku lilitengenezwa na nani?"

Mama mkwe alinitazama kwa yale macho mapya, kwa muda mrefu mpaka nikatamani angekuwa bado amefungwa.

"Hukuwahi kuambiwa?"

"Kuambiwa nini, Mama?"

"Siku zile hapakuwa na seremala mwingine upande ule wa kisiwa. Ndiye aliyelipiga misumari, ndiye aliyembebea mume wangu lile sanduku mpaka shimoni. Ni baba yako, Odeta."

Baba yangu yu hai. Asubuhi ile ile nilikuwa nimeongea naye kwa simu, akaniuliza kama mvule wa watu umeshaisha kupasuliwa.

Nikaikumbuka siku mshenga wa Obedi alipofika kwetu. Dada zangu walipoposwa, baba aliuliza ukoo, akauliza magonjwa, akawarudisha watu mara kwa mara. Siku yangu hakuuliza neno. Aliposikia ni kijana wa nyumba ipi, alisema ndiyo kabla mshenga hajakaa kitako, akatoka nje, na mama akamkuta nyuma ya banda la mbao analia.